Kisima Kilichopewa Pumzi

Nyumba ya zamani ya mbao ilipobomolewa, Sawae Nukaga alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Alikubali mplamu wa uani ukatwe. Alikubali jiko lake la miaka arobaini na nane lipakiwe kwenye lori pamoja na vigae. Alikubali hata chumba chake kiwe chini ya ardhi, maana kiwanja chao ni chembamba kama utepe, mtaa ule wa mteremkoni hauruhusu kwenda juu sana, na kijana aliyechora ramani alisema pasipo na nafasi ya kupanda mtu huchimba. Lakini kisima, alisema Sawae, hakitazibwa pumzi.

Kule kwao kisima hakifukiwi kama shimo la taka. Hufukiwa taratibu, kwa chumvi na pombe ya mchele na maneno ya kuhani, halafu katikati ya kifusi husimamishwa bomba. Zamani lilikuwa la mwanzi, siku hizi la plastiki. Ni la mwenye kisima, mzimu wa maji aliye huko chini, apate kupumua. Ukimziba, nyumba haitakaa salama. Hata watu wanaouza kompyuta wanalijua hilo, na hawaulizi zaidi, wanaweka tu bomba.

Tabu ni kwamba nyumba mpya ilikuwa inakikalia kisima chenyewe. Katsunori, mwanawe wa pekee, muuza miwani, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuja na ramani akaitandaza mbele ya mama yake.

"Mama, kisima kitakuwa chini ya sakafu. Hilo bomba litatokea wapi sasa?"

"Litokee kwangu. Nitalala nalo mimi."

"Watu watatucheka."

"Wacha wacheke. Baba yako alikichimba kile siku kumi na tisa, mimi nikivuta udongo na wewe tumboni. Ukikiziba, usinitie kwenye nyumba yako hiyo."

Fundi mkuu alijikuna kichwa, akacheka, kisha akafanya. Alilipandisha bomba kupitia sakafu ya zege, akalipitisha ndani ya ukuta, akalitokeza nyuma ya kabati la marehemu, pale ambapo picha ya baba Katsunori ingekaa na mshumaa wake na ubani wake. Mdomoni akalitia kiwavu cha shaba, kizuri, kama pambo. Kila mtu akaona limepatikana jawabu.

Huyo baba Katsunori, Jinpachi, alikuwa mchimba visima, na Sawae aliolewa naye akitokea milimani, msichana mwenye mikono mikubwa ambayo kwao ilionwa kuwa aibu na kwa Jinpachi ikaonwa kuwa bahati. Alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba mke mwenye mikono midogo angemtia njaa. Kwa miaka kumi na saba waliifanya kazi wawili, wakati mwingine watatu pamoja na rafiki yao Usami. Mume anashuka, mke anashika kamba kwenye kapi. Halafu maji ya bomba yakafika kila mahali, zikaja mashine za kutoboa, na Jinpachi akahamia kwenye mitaro ya maji machafu, naye Sawae akaajiriwa kwenye duka la tofu, akiamka kabla ya jua kuloweka soya. Hawakulalamika. Ila Jinpachi mpaka uzee wake alikuwa akipita mahali anasimama, anakanyaga chini kwa kisigino, anasema, "Hapa mita tisa," kisha anaendelea na safari.

Alifariki hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, saa nane mchana. Sawae alikuwa amerudi nyumbani kumchukulia nguo safi za kulalia. Aliporudi wodini walikuwa wamekwisha kumfunika kitambaa cheupe usoni. Watu walimwambia asijilaumu, naye akawaitikia, akatumikia chai, akashukuru kila mmoja. Uso ule wa mwisho, hata hivyo, hakuuona ukiwa na mtu ndani yake, na jambo hilo lilimkaa kifuani miaka sita kama punje iliyokwenda njia siyo.

Basi wakahamia. Nyumba ilikuwa sanduku la zege la kijivu, nusu limezama kwenye mteremko. Juu wakakaa Katsunori na mkewe Chizuru, ambaye hupika katika shule ya chekechea. Chini, ngazi kumi na nne, akakaa Sawae na kabati lake, mikeka sita mipya, ile minene ya majani inayopangwa kuwa sakafu, na dirisha moja refu jembamba karibu na dari. Dirisha hilo lilikuwa sawa na usawa wa njia, hivyo alichoona cha dunia kilikuwa miguu. Alijifunza majirani wake upya kwa viatu. Mama wa kona aliburuta mguu wa kushoto. Postamasta mstaafu alivaa soksi mbili tofauti, hakuna aliyemwambia. Chumba kilikuwa kimya namna ambayo nyumba ya mbao haikupata kuwa. Ile ya zamani ilikuwa inaguna, inapiga miayo, inashuka na kupanda na majira. Hii haikusema kitu. Feni ndogo tu ya kutoa hewa ilizunguka usiku na mchana kwa sheria ya ujenzi, na kwenye ukuta wa pili palikuwa na tundu la kuingizia hewa. Baridi ya kwanza tundu hilo lilimpulizia shingoni, naye akaliziba kwa gazeti na utepe wa gundi, vizuri kabisa, kwa mikono ya mtu aliyezoea kazi. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Majira ya baridi mawili yalipita hivyo. Siku za anga safi aliona moshi wa ubani ukipinda, ukienda wenyewe kwenye kiwavu cha shaba na kumezwa. Alifurahi. Kisima kinavuta, alijisemea, na akaanza kukisimulia mambo ya siku, bei ya mwani, harusi za watu, kwa sababu maneno yalionekana kufika mahali.

Ilikuwa Juni ya mwaka wa pili, mvua za majira zikikaribia, mchana wa saa tisa, ndipo aliposikia kikitoa. Sauti ilikuwa ndogo, nzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa bila haraka. Mshumaa wa kwenye kabati ulisinyaa, ukawa wa buluu, ukazimika. Hakuna upepo. Akauwasha tena. Ukazimika tena, taratibu, kama jicho linalofumba. Akainua macho dirishani, na katikati ya miguu inayopita aliona viatu vya kitambaa vya mafundi, vile vilivyopasuliwa kwenye kidole gumba, vimesimama. Vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kifundo. Ncha zake zilielekea ndani.

Alitazama mpaka kichwa kikamgonga. Alipopepesa macho havikuwapo, na mvua ilikuwa imeanza.

Mara ya pili havikuwa dirishani. Wiki mbili baadaye anga liliposhuka tena kwa mawingu ya mvua, na kisima kikaguna, na mshumaa ukafa, Jinpachi alikuwa amekaa mkekani mbele ya kabati. Alimpa mgongo. Koti lake la kazi lilikuwa limelowa mabegani, na shingo yake ilikuwa ile ile, na mkunjo wake ule ule. Harufu ya udongo wa chini, ule usiopata kuona jua, ilijaa chumbani. Sawae hakupiga kelele. Alisogea akakaa nyuma yake kwa heshima, magoti pamoja, akamwambia amechelewa. Hakugeuka. Alimwambia kuhusu zile nguo safi, jinsi basi lilivyokawia. Hakugeuka. Usingizi mzito ukamchukua Sawae palepale, mtamu, wenye uzito wa blanketi lililolowa, na Chizuru ndiye aliyemwamsha jioni, akishangaa midomo yake imekuwa ya zambarau.

Chizuru si mkwe mbaya. Ana ulimi wa haraka, ndiyo, lakini ni ulimi wa mtu anayelisha watoto sitini kila siku. Alimpeleka kwa daktari. Daktari akampima, akamkuta mzima kabisa huko juu hospitalini kwenye hewa ya watu, akampa vidonge vya shinikizo la damu. Lakini Sawae aliporudi chini alianza tena kulala mchana, kusahau sufuria, kusikiliza ukuta. Siku moja Chizuru alimsikia kutoka ngazini akizungumza na kungoja jibu. Ndipo kijitabu cha nyumba ya wazee, chenye picha za maua na wazee wanaocheka, kikaanza kuonekana mezani kana kwamba kimesahauliwa.

"Mama, unaongea na nani kule chini?"

"Na redio."

"Redio haina betri tangu mwezi wa tano."

"Basi ndiyo maana hainikatizi maneno."

Walicheka wote wawili, ila Chizuru aliacha kucheka mapema. Na Sawae alielewa vizuri hesabu ilivyokaa. Akisema anachokiona, atapelekwa kwenye ile nyumba ya maua, na Jinpachi atakaa peke yake kwenye mikeka sita. Akinyamaza, atabaki. Alikuwa na shabaha moja tu, nayo ilikuwa tarehe kumi na tatu ya Agosti, siku ya kwanza ya Bon, siku ambayo wafu wote wanaruhusiwa kurudi nyumbani. Kama anakuja siku za kawaida na kunipa mgongo, alifikiri, siku yake mwenyewe atageuka. Alitaka kuuona uso. Baada ya hapo wangeweza kumpeleka popote.

Ukimtazama mwezi ule ungemwona mwanamke mwenye furaha. Alikonda. Alikula kidogo, akapanda juu mara chache, na anga lilipokuwa jeupe alikereka kama mtu anayesubiri barua. Aliyapenda mawingu. Alijua tufani iko baharini kabla ya redio za watu wengine kusema.

Tarehe kumi na tatu tufani ilikuwa kusini, bado mbali, na anga la mtaa lilikuwa la njano, limebana, majani hayatikisiki. Sawae alipanga kabati tangu asubuhi. Akaweka farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, miguu yao vijiti, mmoja wa kumleta marehemu upesi na mwingine wa kumrudisha polepole. Akaweka tambi baridi na pichi. Chizuru alikuwa juu jikoni, Katsunori dukani. Saa nane na nusu akaja Usami.

Usami Kan'ichi alikuwa na miaka themanini na moja na meno manne yake mwenyewe. Kila mwaka siku hiyo alikuja kumwashia Jinpachi ubani, na kila mwaka alianza kwa matusi. Akiwa mlangoni alimwambia Chizuru kwamba nyumba yao ni kaburi zuri, imebaki kuandikwa jina. Alimwambia Sawae kwamba amekonda mpaka anafaa kusafishia chupa. Sawae akamjibu kwamba yeye amenenepa mpaka kisima chochote kingemkaba kama kizibo, ashukuru wameacha kazi. Wakashuka ngazi polepole wakicheka hivyo, wakishikana mikono ya nguo.

Chini, kisima kilikuwa kinaguna.

Usami alipiga magoti mbele ya kabati, akasalimia picha, akawasha kiberiti. Moto ukafa kabla ya kufika kwenye utambi. Akawasha kingine. Kikafa. Aliacha kucheka. Akauliza mshumaa huu unazimika tangu lini, na Sawae akamweleza kwa sauti ya siri kwamba tangu Juni, na kwamba asihangaike, ni mwenyewe Jinpachi, hupenda giza anapokuja. Usami alitoa mfukoni kiberiti chake cha gesi, akakiwasha juu ya kichwa chake, kikawaka. Akaushusha mkono. Usawa wa kifua mwali ukawa mwembamba. Usawa wa goti ukakatika, kama uliobanwa kwa vidole. Akanusa, akasikiliza ukuta, akaona kiwavu cha shaba na gazeti kwenye tundu la pili, na kichwa kikaanza kumzunguka.

Akasimama kwa shida. Alimwambia wapande, sasa hivi.

Sawae hakumsikia vizuri, kwa sababu Jinpachi alikuwa amefika. Alikaa pale pale, maji yakimtiririka mabegani, na kwa mara ya kwanza bega lake la kulia lilikuwa linasogea. Sikio lilionekana. Kisha pembe ya taya yenye mvi ndogo.

"Subiri," alisema. "Anageuka."

Usami hakuuliza nani. Hakutazama upande ule pia. Alimshika mkono wa nguo, na Sawae akamsukuma, kwa ile mikono mikubwa, akamwegemeza ukutani.

"Shemeji," Usami alisema, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Uko juu, umeshika kamba. Umetanguliza mshumaa chini. Umezimika. Mimi nimekwisha kukaa kwenye kiti cha kamba. Unanishusha?"

Viganja vya Sawae vilijua kabla yake. Kila asubuhi ya miaka kumi na saba, kabla mtu yeyote hajashuka, alifunga mshumaa kwenye kamba akaushusha mpaka chini, akauangalia. Ukiwaka, mtu hushuka. Ukizimika, hewa ya chini imeoza, na hakuna atakayeshuka siku hiyo hata kama mwenye nyumba analia. Mshumaa ungezimika kwenye kamba angejua papo hapo, hata usingizini. Lakini ulizimika kwenye kabati la marehemu, na kwenye kabati la marehemu mshumaa ni wa marehemu.

"Sikushushi," alisema.

"Na kama yupo mtu chini tayari? Rafiki yangu, mumeo. Amelala huko, hajibu."

Chumba kilinguruma. Bega liliendelea kugeuka. Sawae alikumbuka, kama alivyokumbuka Usami kila siku ya maisha yake, mdogo wake Usami ambaye zamani alishuka haraka kisimani kumfuata mwenzake aliyeanguka, wakatolewa wote wawili wakiwa maiti. Jinpachi alimwapisha Sawae siku iliyofuata, kabla hajamruhusu kugusa tena kapi.

"Mtu wa juu hashuki," alisema Sawae, na sauti yake haikuwa na kitu ndani.

"Basi panda."

Walipanda. Ngazi ziliwachukua muda mrefu, yeye akimsukuma Usami kwa mgongo, Usami akimvuta kwa nguo. Nyuma yao paligeuka kitu. Alikisikia, nguo nzito iliyolowa ikijikunja. Alijua kwamba akitazama sasa atauona. Alihesabu ngazi kwa sauti, kama alivyokuwa akihesabu mita, na hakutazama.

Chizuru alifungua milango yote ya nyumba. Usami alitapika kwenye maua, akakaa kizingitini akisema ni fedheha, mchimba visima kuzimia kwenye mikeka, na yule mpumbavu Jinpachi huko aliko anamcheka. Kisha akalia, kwa sababu alikuwa mzee na amechoka, na Chizuru akampa maji ya shayiri. Sawae alikaa kando yake. Tufani ilileta mvua, na hewa ikaonekana kuwa kitu kizito kinachoingia mwilini kwa kishindo.

Jioni Katsunori alisikia yote. Yeye ndiye aliyeidhinisha bomba. Alisujudu mbele ya mama yake, paji la uso sakafuni, naye Sawae akamwambia ainuke, bomba alilitaka yeye na gazeti alilibandika yeye, na hakuna mtu hapo wa kusamehewa. Mafundi wakaja na chombo cha kupimia hewa, wakaeleza kwamba kabla ya mvua, hewa ya juu ikilegea, kisima hutoa hewa yake iliyooza, na kwa kuwa tundu lilizibwa, feni iliivuta yote chumbani. Katsunori alisoma namba kwenye kikaratasi cha vipimo, akakikunja mara nne, hakumwonyesha mtu. Ukuta ulitobolewa, bomba likapelekwa nje, likapanda ukutani mpaka juu ya paa, kisima kipumue angani. Hakuna aliyesema kizibwe, hata Chizuru. Kijitabu cha maua kilikwenda na magazeti ya zamani.

Walimpa chumba juu, akalala huko siku tano. Ya sita akarudi chini. Mshumaa ulisimama wima. Kichwa chake kilikuwa chepesi, midomo myekundu. Anga lilishuka, likapanda, likashuka tena, na nje mama wa kona aliwauliza watu nani anaita juu ya paa, lakini ndani hakuja mtu.

Ila mkeka wa mbele ya kabati ulikuwa umelowa. Katsunori alisema ni hewa baridi ya chini iliyotoa jasho ilipokutana na joto, na pengine ndivyo. Kila asubuhi Sawae aliweka kiganja pale. Kila siku doa lilikuwa limepungua upana wa kidole, likitokea pembeni kuja katikati. Chizuru alishuka mara moja akamkuta hivyo, akakaa naye, akamuuliza kwa upole huyo aliyekuwa akija alikuwa anasema nini.

"Hakusema. Alinipa mgongo mpaka mwisho."

"Na mwisho?"

"Mwisho nilimpa mimi."

Katikati ya Septemba mkeka ulikuwa mkavu. Sawae akamwambia Chizuru amwite fundi wa mikeka, mmoja tu abadilishwe. Fundi alikuja, mtu wa maneno mengi, akaung'oa, akaugeuza. Alipitisha mkono juu ya majani, akauliza nyumba ina miaka mingapi. Miwili, aliambiwa. Akasema ni ajabu, kwa sababu mikeka mingine yote ni mipya, lakini huu umebonyezwa mpaka kwenye kiini, magoti mawili na visigino viwili, kama umekaliwa na mtu mmoja mzito miaka arobaini. Alimtazama yule bibi mwepesi kama ndege, akauliza ni nani alikuwa anakaa hapa.

"Mume wangu," alisema Sawae. "Uchukue tu."

Alisimama pembeni mpaka mkeka ulipotoka mlangoni, akaandamana nao kwa macho ngazi zote kumi na nne, kisha akapanda kula na wenzake, maana chakula kilikuwa kimekwisha kuandaliwa na walikuwa wanamngoja.